Mrejesho: dawati moja, maboksi matatu

Wakuu, nimerudi. Niliuliza nifanyeje na dawati ninalouza mtandaoni kama bidhaa moja, ilhali linasafirishwa kwa maboksi matatu, na mfumo wa duka unalihesabu kama kifurushi kimoja cha kilo 47.

Ushauri uliofanya kazi ni wa kupima kila boksi peke yake. Mteja bado anaona dawati moja na bei moja, ila nyuma ya pazia bidhaa imeunganishwa kwenye mfumo na vipande vitatu, kila kimoja na namba yake ya stoo, uzito na vipimo.

Hapo ndipo nilipogundua nilikuwa najipiga mwenyewe. Msafirishaji wangu huzidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, anagawa kwa 5000, kisha anatoza uzito ulio mkubwa kati ya huo na wa mizani. Boksi la droo ni 60×50×45: mizani inasema kilo 14, hesabu inasema 27! Miguu kilo 9 ikawa 12. Ubao ulibaki 24. Jumla 63, na mimi nilikuwa namtoza mteja nauli ya 47. Tofauti nilikuwa nailipa mwenyewe, kimya kimya.

Lebo sasa zinaandikwa 1/3, 2/3, 3/3, na barua pepe ya mteja ina namba zote tatu za ufuatiliaji. Maswali ya "mbona nimepokea miguu tu?" yamepungua sana.

Kilichobaki ni marejesho ya boksi moja lililovunjika. Hilo bado nafanya kwa mkono.