Picha ya maua ya Kijapani nimepata soko ya Kibuye, ilichapwa na mbao kweli?

jamaa_wa_ziwa: Wasee, jana hapa Kisumu nikizunguka Kibuye kwa mtumba nimeokota picha ya maua, fremu imevunjika kona, mama alisema mia nne tukaskizana mia mbili hamsini, kando iko na maandishi ya Kijapani na kamuhuri kekundu. Nitajuaje kama ilichapwa na mbao ama ni mashine tu?

fundi_karatasi: Itoe kwa fremu polepole uangalie nyuma. Ya mbao rangi hupenya karatasi na mara nyingi unaona alama za kusugua, kwa sababu karatasi inalazwa kwa mbao ya mcheri halafu inasuguliwa na mkono, kila rangi na mbao yake. Ukiweka lenzi uone vidoti vidogovidogo, pole, hiyo ni ya mashine.

Nax_254: Wakusanyaji hupenda wasanii wa Kijapani kama Hokusai na Ohara Koson (1877–1945), huyo Koson maua yake na ndege yametulia ajabu. Lakini usitundike kwa jua, yangu pinki yote imeisha imebaki kama chai ya maziwa 😭

jamaa_wa_ziwa: Nimeitoa. Vidoti kibao. Lakini bibi ameshaipenda, inaenda ukutani.