Mjadala: Kibarua asipovaa kofia ngumu, akatwe ujira wa siku?

Mleta mada

Wadau wa ujenzi, tulijadili hili bila kuoneana haya. Saiti nyingi zimebandika kanuni moja getini: ukikutwa bila kofia ngumu, buti au mkanda wa usalama (ule wenye kamba ya kukushika ukianguka), unakatwa ujira wa siku. Ukirudia, unaondoka. Wanaoitetea wanasema fundi haelewi lugha nyingine. Mimi napinga, ingawa niliwahi kuitumia kwa mikono yangu.

Nilikuwa nyapara kwenye jengo la ghorofa lenye kanuni hiyo. Kwenye slabu, yaani sakafu ya zege, ya ghorofa ya tatu palikuwa na tundu la kupitishia mabomba, limefunikwa plaiwudi iliyolazwa tu juu yake, bila msumari, bila alama ya rangi. Asubuhi moja seremala wa mbao za zege (zile zinazoshikilia zege likiwa bichi) akaagiza mbao. Vijana wawili wakaiona ile plaiwudi, wakadhani imeachwa hapo, wakaiinua, mmoja mbele mmoja nyuma. Ukibeba plaiwudi huioni miguu yako. Wa nyuma alipiga hatua moja kwenye zege, ya pili ikakosa pa kukanyaga.

Alikuwa amevaa kofia. Alikuwa amevaa buti. Wiki moja kabla alikatwa siku kwa kuvua kofia ili ajifute jasho, na aliyemkata ni mimi. Alipona, lakini nyonga yake haikurudi kuwa ile ya zamani. Nikifungua daftari la ukaguzi la siku ile, safu ya vifaa vya kinga ina alama ya vema kuanzia juu hadi chini. Safu ya matundu ya slabu haikuwepo kabisa.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Kofia ni kitu rahisi kukikagua ukiwa umesimama getini, kwa hiyo ndiyo inayokaguliwa. Tundu linataka mtu apande, atazame, atafute misumari, aandike kwa rangi "TUNDU". Faini ya kibarua inampa msimamizi hisia kwamba ameshughulikia usalama, na pale juu hakuna kilichobadilika.

Mkataba Na. 167 wa Shirika la Kazi Duniani (ILO), wa mwaka 1988, unaohusu ujenzi peke yake, umeliweka sawa. Ibara ya 30 inasema vifaa vya kinga vinatolewa pale ambapo hatari haiwezi kuzuiwa ipasavyo kwa njia nyingine, tena bila gharama kwa mfanyakazi. Yaani kwanza ondoa hatari yenyewe. Ikishindikana, izibe au iwekee kizuizi. Kisha panga kazi watu wasipite hapo. Kofia inakuja mwisho. Sisi tumeigeuza orodha kichwa chini, na adhabu tumeiweka kwa mtu wa mwisho.

Na kuna madhara ya pili. Mtu aliyewahi kukatwa siku hasemi tena. Nyundo ikimpita sikioni, atanyamaza, maana akisema ataulizwa kofia yake ilikuwa wapi.

Afisa usalama

Ndugu mleta mada, pole kwa kijana wako, na nimeisoma kwa uzito. Lakini umenukuu ibara unayoipenda. Ibara hiyohiyo ya 30 inamtaka mfanyakazi avitumie vifaa alivyopewa na kuvitunza. Ya 11 inamtaka aujali usalama wake na wa wengine wanaoguswa na kazi yake, na atoe taarifa akiona hatari. Wajibu upo pande zote mbili.

Mimi nina saiti yenye reli za ukingo, wavu, sehemu za kufungia mikanda, mafunzo kila Jumatatu. Bado kuna fundi wa miaka ishirini kazini anayenitazama usoni na kusema mkanda unamchelewesha. Nifanye nini? Nimbembeleze? Akianguka yeye, au kifaa chake kikimwangukia aliye chini, mjane atakuja kwangu, si kwako.

Tukumbuke daraja la Golden Gate kule San Francisco. Mhandisi mkuu Joseph Strauss alilazimisha kofia ngumu miaka ya 1930, wakati saiti nyingi hazikuwa nazo, na aliyeleta ushujaa wa kuchezea juu alifukuzwa. Nidhamu iliokoa watu.

Mleta mada

Mfano wa Golden Gate unanisaidia mimi. Strauss hakuishia kwenye kofia na kufukuza. Alitandaza wavu chini ya daraja zima, na watu 19 walioanguka walidakwa nao. Hao hawakuokolewa na nidhamu yao. Waliteleza kama binadamu yeyote anavyoteleza, na palikuwa na kitu chini.

Na tazama mwisho wake. Tangu kazi ilipoanza mwaka 1933 alikuwa amekufa mtu mmoja tu. Tarehe 17 Februari 1937, jukwaa la kubomolea mbao za zege lilichomoka, likauchana wavu, wakafa watu 10. Jukwaa lilishindwa. Wale waliokuwa juu yake ungewakata siku kwa kosa gani?

Fundi wa majukwaa

Mimi ndiye yule anayesema mkanda unamchelewesha, kwa hiyo naomba nisikilizwe.

Afisa, umewahi kupiga hesabu ya mkanda? Kamba ina karibu mita 1.8. Kile kifuko cha kupunguza mshtuko kikifunguka kinaongeza kama mita moja. Kutoka pale mkanda unaponishika mgongoni hadi kwenye soli kuna mita moja na nusu na ushee. Weka na akiba kidogo. Nikifunga kamba usawa wa miguu, nahitaji zaidi ya mita 5 tupu chini yangu. Mimi nafanya kazi mita 4 kutoka ardhini, na mmeniambia nifunge kwenye bomba lilelile nililosimama juu yake. Nikianguka, nitafika chini kabla kamba haijamaliza kunishika. Mkanda huo unawafaa ninyi tu, mkaguzi akipita na picha zikipigwa.

Na nikiwa mahali pa juu kweli, kamba ikanishika nikaning'inia, nani kapangwa kunishusha? Mtu akining'inia bila kusogea, damu inajaa miguuni, na dakika chache tu zinatosha kumfanya azimie. Nimeuliza swali hili saiti tatu. Zote tatu jibu lilikuwa "tutaita gari la wagonjwa".

Mnataja ibara, basi tajeni na ya 12: nikiona hatari kubwa iliyo karibu, nina haki ya kuondoka, nikimjulisha msimamizi. Kibarua wa kulipwa kwa siku akitumia haki hiyo anaambiwa kesho usije. Hakuna aliyekata ujira wa aliyesema hivyo.

Mkandarasi mdogo

Mimi nakata. Sifichi. Mkaguzi akikuta kibarua hana kofia, faini inaandikwa jina langu, kwa hiyo na mimi naishusha kwa kibarua.

Ila ngoja niwaeleze inapoanzia. Tenda inatangazwa, mwenye bei ya chini anachukua. Niliweka fungu la majukwaa ya chuma, reli na mtu wa usalama wa kudumu, nikashindwa mara mbili mfululizo. Mara ya tatu nilitoa fungu hilo, nikashinda. Mwenye jengo aliona bei tu. Hakuna aliyeniuliza nimepunguza nini.

Uingereza kanuni zao za usanifu na usimamizi wa ujenzi za 2015 zinambana mteja mwenyewe: lazima ahakikishe mradi una muda na fedha za kutosha kufanywa kwa usalama. Mbunifu wa jengo naye anatakiwa aondoe hatari kwenye michoro kadiri inavyowezekana. Bustani ya Olimpiki ya London 2012 ilijengwa bila kifo hata kimoja cha ajali ya ujenzi, na hapo mteja alikuwa mkali tangu siku ya kwanza. Mnipe tenda ambayo fungu la usalama lina kiasi kimoja kwa washindani wote, lisiguswe. Mtu wa kwanza kuacha kukata siku nitakuwa mimi.

Fundi mawe

Wote mnazungumzia kuanguka. Vumbi je? Nakata zege na grainda isiyo na maji, nimevaa barakoa ya kitambaa ambayo vumbi la silika, lile laini la zege na mawe linaloharibu mapafu, linapita bila hodi. Marekani kikomo ni mikrogramu 50 kwa mita ya ujazo ya hewa, wastani wa saa 8, na kiasi hicho huwezi kukiona kwa macho. Bomba la maji kwenye grainda linazuia sehemu kubwa ya vumbi hilo. Mwaka jana nilikatwa siku kwa kushusha barakoa. Maji sijaletewa mpaka leo.

Mleta mada

Fundi mawe, hilo ningeliweka kwenye mada tangu mwanzo.

Afisa, nakupa hatua moja. Mtu aliyepewa kila kitu, akaelezwa, na bado akahatarisha wenzake, atolewe kwenye kazi hiyo siku ileile. Lakini kabla ya kumtoa, msimamizi aandike mambo matatu na asaini: hatari ilizibwaje, kifaa kilimfaa kwa kazi ile, na alipewa muda gani wa kuimaliza. Na ujira wa siku asikatwe, ili msimamizi asione njia ya mkato.

Afisa usalama

Kuandika na kusaini nakubali, na naanza Jumatatu. Suala la mpango wa kumshusha aliyening'inia limenichoma, kwa sababu na mimi sina.

Kumlipa aliyeondolewa, hapana. Wenzake waliofunga mikanda tangu asubuhi wanamtazama akienda nyumbani na ujira uleule. Niambie nitawaambia nini.