Mrejesho: Nimeshaipata Roadmaster yangu

Wakuu, heshima kwenu. Mwezi wa tatu niliwaomba ushauri: naishi Ohio, nina watoto wanne, nataka steshenwagoni ya zamani ya Kimarekani, nichukue Ford Country Squire au Buick Roadmaster? Wengi mlisema Buick, ya 1994 hadi 1996, kwa sababu ya injini yake ya LT1, V8 ya lita 5.7 yenye nguvu farasi 260. Nimewasikiliza.

Ya kwanza niliikuta huku huku Ohio, inang'aa kweli kweli. Nikaingia uvunguni na tochi, nikagusa chasisi kwa bisibisi, ikazama kama kwenye mkate. Chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji inayamaliza magari huku. Nikaachana nayo.

Niliyonunua ni ya 1995, nimeifuata Arizona kwenye ukame. Uvungu mkavu, hauna kutu. Zile mbao za ubavuni (ni plastiki ya kubandika tu, tusidanganyane) zimepauka kwa jua, lakini hilo halinisumbui. Aliyeniambia nikague pampu ya maji, Mungu ambariki sana! Chini yake kulikuwa na alama za maji yaliyokaukia, na distributa ya LT1 (kifaa kinachogawa umeme kwenye plagi) imekaa hapo hapo, ikilowa, imekufa. Muuzaji alipunguza bei, fundi akabadilisha vyote viwili.

Sasa watoto wanagombania kiti cha mwisho, kile kinachotazama nyuma. Kitinda mimba anawapungia mkono madereva wote.