Eti tatizo si miwani, ni shingo yangu!

Wanajukwaa, nimetoka kwenye maonyesho sasa hivi na mkono bado unatetemeka. Yule bwana mnamjua, sina haja ya kumtaja. Ni yule ambaye kila mwaka hupanda jukwaani kututangazia kwamba mwakani miwani ya uhalisia pepe, ile inayofunika macho na kukuonyesha dunia ya kompyuta, itaingia kila nyumba kama ilivyoingia redio. Leo amenivisha miwani hiyo mbele ya watu, nikarushwa angani hadi chai ya asubuhi ikataka kurudi ilikotoka, na nilipoivua nikamuuliza kwa adabu zote ni lini mtu wa kawaida ataweza kuivaa saa nzima bila kuumia. Kijana ninayeweza kumzaa akanijibu kwenye kipaza sauti: “Mama, tatizo si miwani, tatizo ni shingo yako.”

Shingo yangu! Shingo hii ilibeba ndoo ya lita 20 kutoka kisimani kwa miaka 11 na haikulalamika hata siku moja. Miwani yake haifiki kilo, ila uzito wote unaning’inia usoni badala ya kutulia utosini, na yeyote aliyewahi kujitwika mzigo anaijua tofauti hiyo.

Tangu Facebook ilipotangaza kuinunua Oculus, kampuni ya miwani hiyo, mwaka 2014 kwa takriban dola bilioni 2, tunaambiwa tusubiri kidogo tu. Apple walipoleta ya kwao mwaka 2024 kwa dola 3,499, betri ikiwa mfukoni na waya ukipanda hadi kichwani, je, hapo napo mfuko wangu ndio wenye shingo mbovu? Mbele ya watu wote, jamani. Shingo yangu!

Fundi Saa: Pole, dada, lakini mbona husemi kwamba ulimkumbatia mlinzi ukidhani ni nguzo ya daraja? Nilikuwepo.

Mwenye uzi: Niliyumba tu. Macho yalisema ninaruka, masikio ya ndani yakasema nimesimama, na kichefuchefu hutokana na ugomvi huo. Shingo haihusiki!

Kalamu Kavu: Afadhali wewe hukulipa. Mimi nilinunua kwa akiba ya mwaka mzima. Juma la kwanza nyumba nzima ilipanga foleni, juma la tatu miwani ikapanda juu ya kabati, na huko inaishi na mashine ya juisi.

Mzee wa Hesabu: Quest 2, miwani ya hao hao Facebook, ilitoka mwaka 2020 kwa dola 299, na mwaka 2022 ikapandishwa dola 100. Nitajieni kifaa kingine kinachopanda bei kadiri kinavyozeeka, ukiacha shingo ya mwenye uzi.

Bi Mkubwa: Mnaongea nyinyi wenye vichwa vitupu. Sisi wa vilemba na misuko, ule mkanda tuufunge wapi? Nilisukwa kwa saa sita, mpwa wangu akanivisha miwani dakika tano, na mistari yote ya mbele ikafumuka.

Fundi Saa: Saa sita kwa mtindo gani huo?

Kalamu Kavu: Msusi wa mke wangu alimaliza siku mbili, na upande mmoja bado umelegea.