Kamera ndogo ya bei poa, video isitikisike na picha ziwe kali: ZV-1, ZV-1F, G7 X Mark II au Pocket 3?

Kipepeo88
Habarini wakuu. Nimechoka na simu, nikirekodi huku natembea video inaruka ruka kama niko juu ya punda, na giza likianza kuingia tu picha zinajaa chenga. Nataka kakamera kadogo ka kutia mfukoni, sio yale madude ya kubadilisha lenzi. Hela yangu sio nyingi, mtumba sina shida nao. Nimebaki na nne: Sony ZV-1, Sony ZV-1F, Canon G7 X Mark II na DJI Osmo Pocket 3. Matumizi ni nusu kwa nusu, video za kutembea na picha za watu. Kuna jamaa yangu kaniambia chukua ZV-1F, ni mpya kuliko ZV-1 na bei iko chini, sasa unataka nini tena. Nyie mnasemaje?

FundiLenzi
Mkuu hapo kwenye ZV-1F simama kwanza. ZV-1 ni ya 2020, ZV-1F ni ya 2022, kwa hiyo mtu anaona ndo toleo jipya, kumbe ni kamera nyingine iliyopunguzwa vitu. Ndani ya lenzi ya ZV-1 kuna kioo kinachosogea chenyewe kufuta mtikisiko wa mkono, ZV-1F haina hicho kioo, inatuliza kwa programu tu, yaani inakata kingo za picha halafu inasogeza fremu huku na huku. Na hata ZV-1 II ya 2023 hicho kioo walikitoa. Mchana utaona sawa tu, usiku ndo utajua, maana shata (kile kipazia kinachofungua kupitisha mwanga) ikishakaa wazi muda mrefu kila fremu inakuwa imekorogeka tayari, programu itaisogeza lakini kukorogeka kunabaki palepale. Halafu kitu ambacho watu hawasemi, kwenye picha za kawaida kutuliza kwa programu hakukusaidii KABISA. Wewe umesema nusu kwa nusu, basi ndo hivyo.

dadaK
Fundi usimtishe sana mwenzio 😂 ZV-1 nayo ina kero yake. Ile hali yake ya kutuliza zaidi inayoitwa Active ukiiwasha inakata picha, na lenzi yake inaanzia milimita 24 (namba ikiwa ndogo ndo inaona pana zaidi), sasa ukijishika mwenyewe kwa mkono sura inajaa skrini nzima, masikio tu ndo yanabaki nje. ZV-1F inaanzia 20, ni pana, hata ikikata bado unaonekana wewe na ulipo. Kama mtu anajirekodi mwenyewe tu na picha sio ishu kwake, mimi ningempa ZV-1F bila kufikiri mara mbili. Ila haina zumu, lenzi ni hiyohiyo moja.

Mimi natumia G7 X Mark II tangu zamani na siiachi. Picha zake ngozi za watu zinatoka vizuri hata usipoediti, lenzi milimita 24 mpaka 100, tundu la mwanga f/1.8 mpaka 2.8 (namba ndogo ndo tundu kubwa), ina kioo cha kutuliza, skrini inageuka juu unajiona. Video ndo ilipochoka: 4K, ile video kali zaidi, hakuna, tundu la maiki hakuna, na ukisogea mbele fokasi inahangaika kidogo kabla ya kukukamata. Nyingine ni kwamba G7 X siku hizi zimependwa mno mitandaoni, kitu cha 2016 kinauzwa kama kimetoka jana. Hapo kwenye bei siiungi mkono.

mzee_wa_zumu
Kwa kutulia hakuna mjadala, ni Pocket 3. Kichwa chake kiko juu ya vimota vitatu, unageuka kona yeye anateleza tu. Nne zote hizo sensa (kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga) ni zile za "inchi moja", na inchi moja ni jina tu wakuu, ukipima ni milimita 13.2 kwa 8.8, ila bado ni kama mara nne ya zile sensa za kamera ndogo za bei ya chini kabisa. Kwa hiyo msigombane kuhusu sensa, ugomvi uko kwenye lenzi.

Na lenzi ndo inayoiangusha Pocket kwenye picha. Ni pana tu, ukimsogelea mtu umpige sura pua inakua, ukirudi nyuma anakuwa mdogo, ukikata unabaki na pikseli chache maana picha yenyewe ni megapikseli kama 9 tu, wakati wenzake wako 20. Picha za mandhari sawa. Picha za watu hapana. Pia msidhani hivyo vimota vinafuta hatua za miguu, ule mdundo wa juu chini unabaki, lazima ujifunze kutembea umekunja magoti kidogo. Utaonekana kama mwizi wa kuku lakini video itatulia.

Kipepeo88
Hahaha mwizi wa kuku nimekubali. Sasa mbona naona jibu linarudi ZV-1? Na ile ya kukata sura je?

FundiLenzi
Usiwashe Active, weka hali ya kawaida ya Standard, hapo inatumia kioo cha lenzi na haikati. Funga kamera kwenye kistendi kifupi uishike kwa hicho, mkono unaongezeka urefu, sura inarudi ukubwa wake, na mtikisiko wenyewe unapungua. Jua likiwa kali washa kile kichujio cha ND cha ndani kinachopunguza mwanga, ukirekodi fremu 25 kwa sekunde shata ikae 1/50 ya sekunde, mwendo utaonekana laini. ZV-1F haina hicho kichujio, unajinunulia.

Shida ya ZV-1 ni betri, kadogo sana, nunua mbili za ziada usiulize kwa nini. Na inachajiwa kwa waya wa zamani wa micro USB.

dadaK
Na kwa kuwa ni mtumba, kabla hujatoa hela piga picha ya ukuta mweupe kwa f/11, yaani tundu la mwanga limebanwa, vumbi likiwa ndani utaona madoadoa. Hizi lenzi hazichomoki, kusafisha ndani ni mpaka fundi aifungue yote. Mimi kuna moja nilinunua kwa kuangalia nje tu inang'aa, nikaja kuona doa moja kwenye kila picha ya anga, kila picha jamani. Vuta zumu pia mbele nyuma mara kadhaa, ikikwaruza iache hapohapo. Skrini ifungue uichezeshe.

Kipepeo88
Asanteni sana. Kuna ZV-1 moja naenda kuiona kesho, ukuta mweupe nitautafuta. Memori kadi ninunue ipi?

mzee_wa_zumu
Yenye alama ya V30 (alama ya kasi ya kuandika video) inatosha. 4K ukiweka megabiti 100 kwa sekunde inakula kama GB 45 kwa saa, kwa hiyo GB 64 utaishiwa njiani, chukua 128. Ukirekodi muda mrefu nenda kwenye menyu ile ya joto la kujizima uiweke High, la sivyo itazima katikati uanze kumlaumu dadaK na ukuta wake.