Tuliopita Medisini (wodi ya magonjwa ya ndani) tupeane uzoefu: ulibaki au ulikimbia?

Kidonge Kichungu (mleta mada)
Wakuu habari za jioni. Leo kwenye daladala la Mbagala nimekaa na mama mmoja, miguu imevimba mpaka kavua viatu kaviweka mapajani, anahema kama katoka mbioni. Badala ya kumpa pole nikajikuta namkodolea mshipa wa shingo nione kama moyo wake umeshindwa kazi. Hapo ndipo nikajua wodi ya magonjwa ya ndani imeshaniharibu. Nipo MD (digrii ya udaktari) mwaka wa nne, rotesheni yangu ya hii wodi imebaki wiki mbili, na mpaka sasa sijui kama nataka ubingwa wa Medisini au nikimbilie ngozi nilale usiku kama watu. Mliopita semeni. Yale ya kwenye kipeperushi cha chuo nimeshayasoma, nataka ya saa tisa usiku.

Mgeni Wodini
Mshipa wa shingo 😂😂 Mimi siku ya posa nilimshika baba mkwe mkono nikaanza kukagua kucha kama zimetuna. Mzee akadhani naangalia pete.

Bibi Insulini
Raundi yangu ya kwanza ilianza saa 2 asubuhi ikaisha saa 7 na nusu mchana. Wagonjwa 18. Kitanda cha 4 pekee tulisimama dakika 50 tunajadili sodiamu, chumvi ya kwenye damu. Mwenzetu mmoja hakuwa amekunywa chai, akadondoka. Akalazwa kitanda cha 5 kilichokuwa wazi, na bingwa bila kucheka akatuambia haya, huyu nani anamchukua historia?
Na bado niliipenda. Mtu anakuja kapita zahanati tatu, kote kapewa dawa ya malaria na amoksilini, homa ina mwezi. Halafu anapatikana mtu mmoja anavuta kiti, anamuuliza polepole: unafanya kazi gani, unakunywa maziwa ya wapi, kikohozi kilianza kabla au baada ya kukonda. Anaondoka na jina la ugonjwa wake. Hiyo ndiyo kazi yenyewe, mengine ni kuandika mafaili.

Kisu Kikali
Dakika 50 za sodiamu. Sisi upasuaji dakika 50 kidole tumbo kimeshatoka, tumeshona, tuko kwenye chai na andazi.

Bibi Insulini
Halafu siku ya pili mnatuita mbio mbio sukari ya mgonjwa wenu imepaa mpaka 27.

Kisu Kikali
Uongo. Siku ya tatu.

Mwana wa Pangani
Nakazia.

Mtarajali Mstaafu
Sikutaka kuchangia huu uzi, ila hapo mlipotaja sukari mmenitonesha.
Ilikuwa mwezi wa Ramadhani, hospitali fulani ya mkoa huku pwani, siitaji. Mimi mtarajali, daktari wa mafunzo kazini, nina mwezi wa pili, usiku niko peke yangu na wodi mbili, bingwa yuko nyumbani kwa simu. Saa 5 usiku bajaji inaleta mzee wa miaka 70 hivi, kashikiliwa na wanawe wawili. Alilala baada ya alasiri, walipomwamsha afuturu hakuamka sawasawa. Upande wa kulia wote hauna kazi, mdomo umepinda kidogo, haongei. Presha 190 kwa 100. Nani hapo angehitaji kuambiwa? Nikaandika KIHARUSI kwa herufi kubwa, nikapiga mstari chini. Nguvu mkono wa kulia: 0. Nikapiga simu, bingwa akauliza presha, akauliza mboni za macho, akasema afanyiwe mipango ya kwenda kupigwa CT, picha ya kichwa, asubuhi. CT ilikuwa mji mwingine. Wale vijana wakaanza kuchangishana pale koridoni, mmoja anampigia mnunuzi wa mbuzi wake.
Sukari sikupima. Mashine ilikuwepo mezani, vipande vyake vya kupimia vimefungiwa kabatini, ufunguo anao nesi na nesi yuko wodi ya pili. Nikajiambia narudi sasa hivi. Mara akaingia mwingine anatapika damu. Sikurudi.
Asubuhi raundi. Bingwa wetu alikuwa mama mpole, hana haraka. Hata faili hakufungua kwanza, aliweka kiganja kifuani kwa mzee. Shati lilikuwa chapachapa. Mimi usiku nililiona likiwa limelowa nikasema hili ni joto la pwani. Akaniuliza neno moja tu: "Sukari?" Nikafungua faili, nikawa nafunua kurasa kana kwamba nitaikuta imejiandika yenyewe. Mashine ikaletwa. 1.3, sukari imeshuka mno.
Ikasukumwa glukosi ya asilimia 50 kwenye mshipa. Dakika chache, mkono wa kulia ukaanza kuvuta shuka. Ule mkono niliouandikia sifuri. Mzee akafumbua macho. Mkewe alikuwa amekaa sakafuni kando ya kitanda tangu usiku, sikuwahi kusikia hata sauti yake. Akafungua pindo la kanga, akatoa kipande cha pakiti ya vidonge: "Ndizo anazotumia hizi. Nilidhani mtaniuliza."
Glibenklamidi, dawa ya kushusha sukari. Alikuwa anafunga na kidonge anakimeza daku kama kawaida. Vipimo vikaja kuonyesha figo zenyewe zimeshachoka, kwa hiyo dawa ilikuwa inabaki mwilini haitoki. Tukamweka dripu ya glukosi, mchana ikashuka tena, usiku tena.
Naishia hapa, naitwa.

Mwana wa Pangani
Unaitwa na nani?? Rudi hapa!

Siti ya Mbele
Karanga zimeniisha mkononi. Alipona? Mkuu usitufanyie hivi.

Nesi Mwandamizi
Nimesoma mpaka mwisho, roho imeniuma. Ila naona ufunguo na nesi wametajwa mapema sana. Usiku nesi mmoja ana wagonjwa 40, kabati likiachwa wazi asubuhi vipande vimeisha na anayeandika barua ya maelezo ni mimi, sio daktari.

Mgeni Wodini
Sista, mwenzetu hakusema kosa ni la nesi.

Nesi Mwandamizi
Kasema ufunguo. Kusoma najua.

Bibi Insulini
Mimi kila zamu natembea na vipande vitano mfukoni. Tatizo kwisha.

Nesi Mwandamizi
Kumbe ndio wewe unayetumalizia!

Daktari wa Wilaya
Turudi kwenye mada, mtoto wa watu kauliza. Kidonge Kichungu, MD miaka 5, utarajali mwaka 1, halafu USIENDE ubingwa moja kwa moja. Kaa wilayani miaka miwili mitatu, uone kushindwa kwa moyo huku huna ekokadiogramu, kile kipimo cha picha ya moyo. Ndipo nenda MMed, shahada ya ubingwa, pale MUHAS (chuo kikuu cha Muhimbili) ni miaka 3. Nilipoanza MMed nilikuwa najua ninachokitafuta, wenzangu waliotoka chuo moja kwa moja walikuwa wanakariri.

Kaskazi
Napinga kwa nguvu zote. Ukienda wilayani unapewa uganga mkuu, unapewa gari, unaoa, unakopa benki. Kurudi darasani ukiwa na watoto wawili na makato ya mkopo usisikie. Nenda ukiwa bado mwepesi, ufadhili wa serikali wa ubingwa uuombe mapema. Na MMed si mlango pekee. Kuna ECSACOP, chuo cha mabingwa wa magonjwa ya ndani wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, kilianzishwa 2015. Unasomea humo humo hospitalini unakofanya kazi iwapo imeidhinishwa, miaka 4. Wapasuaji wana chao cha COSECSA miaka mingi, sisi tumechelewa tu.

Kisu Kikali
Mlikuwa bado mnajadili sodiamu.

Mkenya Halisi
Majirani, sisi huku 2024 madaktari waligoma siku 56, na malipo ya intani ndiyo yalikuwa donda lenyewe. Kwa hivyo kabla hujauliza utakuwa bingwa wa nini, uliza kwanza mwaka wa intani utakula nini. Otherwise, Medisini ni tamu.

Siti ya Mbele
"Otherwise" ndio Kiswahili cha Nairobi hicho 😂

Baridi Kali
Niko Uingereza. Huku mafunzo ya mwanzo ya magonjwa ya ndani ni miaka 3, ndipo unachagua moyo, figo, mapafu n.k. Mtihani wa MRCP, wa madaktari wa magonjwa ya ndani, una hatua tatu, ya mwisho unapima wagonjwa wa kweli mbele ya wasahihishaji. Nilifaulu kwa sababu ya wodi za nyumbani. Wenzangu walikuwa hawajawahi kusikia bandama kubwa kwa mkono, mimi nilikuwa nazipapasa tatu kwa wiki. Ila nikisoma hadithi ya huyo mzee… huku mashine ya sukari iko kila kona na bado kuna siku mtu anasahau.

Kidonge Kichungu
Nimeshika. Wilayani kwanza, au nisiende wilayani kabisa, na nibebe vipande mfukoni, au nisibebe nisije nikagombana na sista. Asanteni kwa kunipanga.

Nesi Mwandamizi
Beba viwili.

Mtarajali Mstaafu
Nimerudi, samahanini. Sista, wewe uko sahihi. Nesi wa usiku ule angenipa ufunguo kama ningeuomba. Sikuuomba.
Mzee hakufa. Siku ya 6 alitoka kwa miguu yake, mkono unafanya kazi, anaongea. Dawa tulimbadilishia. Lakini jina la mkewe hakulikumbuka tena, akawa anamwita kwa jina la dada yake marehemu. Nilisimama mlangoni na faili la ruhusa mkononi. Mzee akaita lile jina, bibi akaitika "abee", akainama kumvisha makubazi.
Mwaka uliofuata niliomba MMed Medisini. Sijui kueleza kwa nini.

Siti ya Mbele
😢

Kisu Kikali
Glibenklamidi ulisema? Baba yangu anatumia hizo na anafunga Ramadhani na zile sita za baada yake kila mwaka. Ngoja nimpigie.