Naomba ushauri: nichapishe wapi utafiti wangu wa floridi ili usomwe bure?
Ndugu wanachama, nimekamilisha utafiti wa floridi (madini yanayoyeyuka katika maji) kwenye visima vya miteremko ya Mlima Meru, ambako maji hupita kwenye miamba ya volkano hata floridi ikazidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na watoto wengi wakaota meno yenye madoa ya kahawia. Natamani sana wahandisi wa maji wa wilayani wausome bila malipo, lakini jarida moja huria (linalosomwa bure, mwandishi ndiye hulipa) linanidai ada inayozidi mshahara wangu wa miezi mitatu. Je, niombe msamaha wa ada kabla ya kuwasilisha andiko, au nichapishe kwenye jarida ambalo msomaji ndiye hulipia, kisha niweke nakala katika hazina ya chuo (hifadhi ya mtandaoni ya maandiko)? Aliyepitia njia hii naomba anieleze alivyofanya.